Masafa Hayana Pazia

“Kaka, kuna mwanamke anakuita hewani. Mwitikie basi.”

Fundi alikuwa ameinamia redio ya mteja. Juu ya rafu, mtambo wake wa kuzungumzia na waendesha redio wenzake ulikuwa umewashwa, na dada yake alikuwa ameshaongeza sauti. Aliyekuwa akiita ni Mpimahewa, binti wa kituo cha hali ya hewa kule mlimani. Walipendana kwa sauti tu, bila hata kutumiana picha.

Akaishika maiki kama mtu aliyeshikishwa kaa la moto.

“Nakusikia.”

“Hujambo, Fundi?”

“Sijambo. Nisamehe kwa ukimya. Nilikuandikia kwamba mtambo uliungua, ndiyo kwanza umepona…”

“Ujumbe ninao. ‘Mpenzi, mtambo umeungua, na safari ya kuja huko imekwama. Nivumilie.’ Jioni ileile nikakusikia unamwelekeza baharia mmoja namna ya kuinua antena. Fundi mzima unasahau kuwa masafa hayana pazia?”

Fundi akakosa pa kuutia uso. Dada yake alikuwa amesimama palepale.

“Na ulikuja,” Mpimahewa akaendelea, taratibu. “Mlinzi aliniletea betri nilizokuomba. Akasema kijana aliyezileta alichungulia getini, akaniona uani kwenye kiti cha magurudumu, akageuza.”

“Kaka,” dada mtu akanong’ona, “kumbe ulifika?”

Fundi akabonyeza maiki.

“Mbona hukuniambia kuwa hutembei?”

“Niliogopa, sikufichi. Halafu nikajipa moyo. Mtu anayeniuliza kila asubuhi nimeamkaje, nikasema huyu ataniona mimi kabla ya kiti.”

“Nilikuwa mjinga. Nipe ruhusa nije kesho.”

“Njoo Jumamosi na wageni wengine. Naolewa.”

Dada akaketi chini polepole.

“Na nani?”

“Yule mwalimu wa bondeni, naye ni mwendesha redio. Upepo ulipoangusha mnara wetu, niliita kwa redio ya akiba hadi sauti ikanikauka. Yeye ndiye aliyeitika, akapanda mlima kwenye mvua.”

Fundi aliikumbuka siku ile. Alikuwa amekaa hapahapa, akausikia wito wote neno kwa neno, akapunguza sauti.

“Nilikusikia,” akasema.

“Najua. Sikukuita nikusute. Nimekuita ili usije ukayasikia ya harusi kwa watu.”

Sauti nyingine zikaanza kuingia, waendesha redio wa mbali waliokuwa wakisikiliza kimya. Hongera, bibi harusi. Mungu awaweke. Mmoja baada ya mwingine.

“Sema neno, kaka,” dada akamhimiza.

Akabonyeza, akafungua mdomo. Huko mlimani spika ya Mpimahewa iliacha kukoroma, dalili kwamba kuna aliyebonyeza, ikatulia kama mtu anayevuta pumzi, wala halikufuata neno.

Akaachia.

“Nimejua ni wewe uliyebonyeza,” Mpimahewa akasema. “Hongera yako nimeipokea. Kwaheri, Fundi.”