Namba ya Moffat

Mashine ya alama za vidole ilimtambua Kathure kabla hajasajiliwa. Ilikuwa Jumatatu, saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi, katika ofisi ya waajiriwa ya chuo kikuu kimoja nje ya mji wa Nyeri, na alikuwa ameweka kidole gumba juu ya kioo kile kwa mara ya kwanza maishani mwake. Taa ya kijani ikawaka. Kioo kikaandika: KARIBU, MOFFAT.

"Madam, hii inasema mimi ni Moffat."

Madam Phyllis, ambaye siku hiyo alikuwa na kazi moja tu, nayo ni kumsajili Kathure, hakuinua macho kutoka kwenye kiazi kitamu alichokuwa akikimenya.

"Ni mtandao."

"Mtandao umejuaje kidole changu?"

"Wewe ni wa wapi?"

"Chuka."

"Ndio maana uko na maswali mingi. Weka ingine."

Kathure akaweka vidole vyote kumi, kimoja baada ya kingine, na mashine ikamkaribisha Moffat mara kumi. Phyllis akaridhika. Taa ilikuwa ya kijani, na kutambua taa ya kijani ndiyo elimu pekee iliyokuwa imembakia tangu aajiriwe.

Ndipo alipoeleza, huku akitafuna. Namba mpya ya kazi hutolewa na Baraza la Chuo, na Baraza hukaa mara mbili kwa mwaka. Moffat alikuwa fundi wa maabara ya udongo, akafariki mwezi wa tatu, na namba yake bado ilikuwa hai kwenye kompyuta. Kathure alikuja kuchukua kazi ya Moffat, basi achukue na namba.

"Namba ni namba. Jina tutabadilisha baadaye."

Barua ya kazi ilisema kwamba mwajiriwa asiyekamilisha usajili kwa siku kumi na nne tangu tarehe ya barua amepoteza nafasi. Kathure alikuwa amekaa nyumbani na shahada yake miaka minne. Mama yake alikuwa ameshasimama kanisani kuitangaza kazi hii, akapigiwa makofi. Hakuwa na ubavu wa kuikataa namba.

Maabara ilikuwa mwisho wa jengo refu la mabati, upande unaotazama mlima, ingawa Julai ile mlima haukuonekana hata siku moja. Ndani mlinuka udongo uliolowa na ugoro. Kathure akafungua madirisha yote matatu. Harufu ya ugoro ikazidi.

Siku hiyo aliandika lebo za sampuli ishirini na nne zilizoletwa kutoka mashamba ya mpunga ya Wang'uru. Alipogeuka kuchukua gundi, akasikia msonyo nyuma yake, mrefu, wa mtu mzima anayemsonya mtoto aliyemwaga maziwa. Hapakuwa na mtu. Lakini lebo ya saba ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu. Akaikagua. Aliandika kina cha sentimita thelathini badala ya ishirini. Alikuwa amekosea kweli, na hilo lilimkera kuliko lilivyomtisha.

Kufikia Alhamisi alikuwa amesonywa mara kumi na tisa. Alikuwa akizihesabu.

Aliyemweleza ni Kagure, mwanamke aliyefagia jengo hilo. Alifunga mlango kwanza, kisha akanong'ona.

"Ongea pole pole. Huyo anapenda kusikiza."

"Nani?"

"Si ni Moffat. Ni mimi nilimpata hapo kwa kiti, asubuhi, koti imelowa na hakukuwa kumenyesha. Tulimzika Kiriaini. Watu walienda na basi ya chuo, wakamsifu, wakakula, wakarudi."

"Alikuwa mtu wa aina gani?"

"Mtu wa ugoro na madharau, miaka kumi na tisa hapa. Hata daktari anayefundisha hapa akikosea hesabu, anasonywa. Mimi nikipitisha kitambaa, nasonywa."

"Na mbona hajaenda?"

Kagure alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini maji hulowesha.

"Msichana, ukiacha kazi hapa unazunguka na fomu ya kuondoka. Maktaba wanatia sahihi kwamba umerudisha vitabu, stoo kwamba umerudisha vifaa, ofisi nane zote. Mwisho unatia yako. Sasa Moffat nani alimzungushia? Maiti itabeba karatasi? Kwa vitabu vya chuo, huyo yuko kazini."

Kathure alipofikisha habari hizo ofisini, Madam Phyllis alicheka mpaka chai ikamtoka puani. "Majini ni ya Mombasa! Hapa na hii baridi yatalala wapi?" Hata hivyo alimtuma Pasta Wahome, mlezi wa kiroho wa chuo, kwa kuwa maombi hayahitaji idhini ya Baraza. Pasta aliomba kwa dakika sita, mbili kati ya hizo akimwombea mkuu wa chuo. Kisha akaiamuru roho chafu itaje jina lake. Msonyo ulitokea kando ya sikio lake la kushoto, karibu mno hata kola yake ikatikisika, na Pasta Wahome akakumbuka kwamba alikuwa na mkutano Karatina.

Siku ya tisa, saa tisa alasiri, ukungu ulishuka ukaziba madirisha. Kathure alikuwa amesimama mbele ya sinia la udongo uliochekechwa, laini kama unga, akisubiri mizani itulie, aliposikia nyuma yake pumzi ya mtu aliyepanda ngazi ndefu, na kabla hajageuka akaona kwenye udongo ule, inchi chache kutoka mikono yake mwenyewe, shimo dogo likididimia polepole, na la pili, na la tatu, kila moja likibonyezwa kwa uangalifu na kugeuzwa kidogo kushoto na kidogo kulia kama mtu anayesajiliwa, mpaka yakatimia kumi, kila moja na mistari yake, na alipokitazama kidole gumba chake akaona mistari ileile, mkunjo kwa mkunjo, na katikati yake kovu dogo la kukatwa ambalo hakuwahi kukatwa.

"Unakaa kwa namba yangu," sauti ikasema. Ilikuwa kavu, ya mwalimu anayerudisha daftari baya. "Hata kupima hujui. Nitachukua mkono wote."

Kathure hakupiga kelele. Alikimbia hadi stoo na kuomba fomu ya kuondoka ya Moffat.

Kwa siku nne alizunguka na karatasi ya marehemu. Hakuna aliyemuuliza chochote. Mtu wa michezo alithibitisha kwamba Moffat alirudisha jezi ambayo hakuwahi kupewa. Mtu wa stoo alitia sahihi akiongea na simu. Maktaba tu ndiyo iliyodai kitabu, na Kathure alikipata nyuma ya tanuri ya kukaushia udongo. Ijumaa, siku ya mwisho ya barua, saa tisa na nusu, sahihi nane zilikuwa zimetimia. Ilibaki ya Moffat mwenyewe. Akampelekea Phyllis aikague.

"Aiya, umejaribu," Phyllis akasema. "Ikiwa na sahihi yake, nafuta namba saa hiyohiyo."

"Yake tu?"

"Kwani wewe uko kwa namba gani? Ikifutwa, na wewe umefutika."

Kathure akaichukua tena fomu.

"Ukitaka kungoja Baraza likupe namba mpya, ni Desemba," Phyllis akaendelea. "Lakini barua yako inaisha leo saa kumi na moja. Ama uache tu hivyo, nikupigie muhuri uende. Usinichezee, niko na arusi Nanyuki."

Kathure alirudi maabara na kujifungia ndani. Akaiweka fomu mezani. Mara ile chumba kikatulia, na harufu ya ugoro ikapungua, kama ya mtu aliyekwisha kuoga na kuvaa kwa ajili ya safari. Kalamu nyekundu ikabingirika yenyewe hadi ukingoni mwa karatasi, ikasita.

"Nipe nitie sahihi," sauti ikasema. Dharau yote ilikuwa imeisha ndani yake. Ilikuwa sauti ya mzee aliyechoka. "Nimengoja tangu mwezi wa tatu. Sitakugusa. Nataka kulala, mama. Nipe tu."

Kathure alimfikiria mama yake amesimama kanisani. Akamfikiria Phyllis, na Pasta, na wale wanane waliotia sahihi bila kusoma, watu wasioweza kumzika mtu vizuri hata kwa karatasi, na akaona kwamba huyu naye hakuwa chochote zaidi ya mmoja wao, mtumishi asiyejua kujiondokea.

"Miaka kumi na tisa hapa, na hukujifunza kujaza fomu moja?" alimwambia. "Ngoja basi."

Akairarua karatasi vipande viwili, kisha vinne, kisha vinane.

Saa kumi na dakika arobaini Phyllis alipiga muhuri. Kathure alirudi na bahasha yake, akaketi, akaisoma barua neno kwa neno kama kawaida yake: ajira ya kudumu, mpaka mwajiriwa atimize umri wa miaka sitini. Alikuwa na ishirini na saba. Akaandika tofauti pembeni kwa penseli.

Kiti kikavutwa kando yake, kikatoa mlio chini ya uzito wa mtu mzima, na koti lililolowa likagusa bega lake na kutulia hapo.

"Thelathini na tatu," sauti ikasema kwa upole. "Hesabu yako hii ni sawa, mwenzangu."