Mwanga Unaopanda Polepole

Kila jioni Kokwijuka alikula peke yake. Alimenya ndizi chache, akazipika na maharage, akakaa karibu na jiko. Mume wake alikuwa amefariki. Watoto wake walikuwa wameondoka mmoja mmoja. Nyumba yake ilikuwa katikati ya kibanja, shamba la nyumbani, huko Muleba, na pale migomba ilikuwa mingi kuliko watu. Hata sufuria ndogo kuliko zote ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja.

Akishakula alitoka uani na tochi. Ng'ambo ya bonde aliishi Magdalena, wifi yake. Magdalena naye alikuwa mjane, na hakuwa na simu. Wanawake hao wawili walikuwa na desturi yao. Kokwijuka alielekeza tochi ng'ambo. Alizungusha swichi polepole, kama mtu anayeongeza sauti ya redio. Mwanga ulipanda kutoka hafifu hadi mkali, kisha akaushusha. Maana yake ilikuwa: "Nimekula, ni mzima, naenda kulala." Magdalena alimjibu vivyo hivyo kwa tochi yake.

Mwanga wa kuwaka na kuzimika harakaharaka ulikuwa na maana nyingine: "Njoo, nina shida." Huo walikuwa hawajawahi kuutumia.

Siku moja tochi ya Kokwijuka ilikufa. Kutu ilikuwa imeingia ndani ya swichi. Alizungusha, akapuliza, akaipiga kidogo kwa kiganja. Haikuwaka.

Jumapili iliyofuata mwanawe Gozbert alikuja kutoka Hamugembe, Bukoba. Alimletea tochi mpya ya kuchaji, yenye kitufe kimoja tu.

"Mama, hii ni ya kisasa," alisema Gozbert. "Unabonyeza tu."

"Nabonyeza wapi ili mwanga uongezeke?"

"Hapohapo, mama. Kitufe ni kimoja, utapotea wapi?"

Bodaboda ilikuwa inamsubiri barabarani. Gozbert aliondoka kabla ndizi hazijaiva. Alikuwa kijana mwema, lakini siku zote alikuwa na haraka.

Jioni ile Kokwijuka alitoka uani. Alibonyeza kitufe. Mwanga mkali ulitoka mara moja, akashtuka. Akatafuta kitu cha kuzungusha, hakukiona. Akafikiri kwamba kila akibonyeza, mwanga utapanda au kushuka kidogo. Basi akabonyeza harakaharaka, mara nyingi.

Tochi ikaanza kupepesa. Waka, zima, waka, zima! Alibonyeza tena, ikazidi. Na muda wote huo alikuwa ameielekeza ng'ambo.

Magdalena aliuona mwanga ule. Hakumwita mtu wala hakuvaa viatu. Aliteremka bondeni mbiombio, akateleza penye kijito. Kokwijuka alisikia kilio, akakimbia. Alimkuta wifi yake amekaa kwenye matope, ameshika kifundo cha mguu.

"Nani amekuvamia?" Magdalena aliuliza. Hata mguu wake hakuutaja.

"Hakuna, wifi yangu. Ni tochi."

"Tochi?"

Kokwijuka alimshika mkono, akamwinua.

Mguu haukuvunjika, lakini ulivimba vibaya. Kesho yake Aroni, mtoto wa Magdalena, alifika kwa Kokwijuka. Hakutaka hata kukaa.

"Mama, nakuheshimu," alisema. "Lakini hiyo michezo ya tochi iishe. Mama yangu angeweza kufa kule bondeni."

"Nimesikia, mwanangu."

Kokwijuka aliitia tochi ndani ya boksi lake. Hakwenda kumwona wifi yake, maana aliona aibu. Jioni aliwasha redio, si kwa ajili ya habari, bali apate kusikia sauti ya mtu. Wakati mwingine alipakua chakula akakiacha kipoe. Uani hakutoka tena. Angetoka kumwambia nani kwamba ni mzima? Upweke ulimuuma kweli, na hakuwa na wa kumweleza.

Siku ya gulio alikata shauri. Alichukua boksi, akaenda Muleba mjini kwenye duka la vifaa vya umeme. Muuzaji alikuwa mama mmoja mchangamfu, jina lake Joanitha.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta tochi. Ina wazimu."

Joanitha alicheka. Alijaribu kuiwasha, haikuwaka. Akaichomeka kwenye chaji.

"Sikuiwasha siku zote hizi," alisema Kokwijuka. "Chaji imekwenda wapi?"

"Ndani ya boksi kitufe kikiguswa, inawaka bila wewe kujua. Hata ikizimwa, tochi za namna hii hula chaji kidogokidogo. Ukitaka kuihifadhi au kuitia mkobani, legeza kidogo hiki kifuniko cha nyuma. Umeme unakatika kabisa."

"Na kule kupepesa?"

Joanitha alivuta kiti, akaketi karibu naye. "Tochi yako ya zamani ilikuwaje, mama?"

"Ilikuwa ya kuzungusha."

"Sawa. Ile, mkono wako wenyewe ndio ulioongeza mwanga. Ulizungusha kidogo, ukaongezeka kidogo. Hii ina mtambo mdogo ndani, kama ule wa simu. Wewe unaiagiza tu. Inaangalia umebonyeza mara ngapi, na umeshikilia kwa muda gani. Ulibonyezaje siku ile?"

"Harakaharaka."

"Basi ilidhani unataka ipepese. Ilikutii."

"Kumbe ni mtumishi mjinga!" alisema Kokwijuka, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akacheka. "Sasa ipi ni nzuri, ya kuzungusha au hii?"

"Kila moja ina uzuri wake. Ya kuzungusha ni rahisi, mkono unaijua hata gizani. Lakini kutu na vumbi huiharibu. Hii yako unaweza kuipanga upya, ifanye unavyotaka wewe. Si zote zinapangika, lakini hii inakubali. Wewe unataka nini?"

Kokwijuka alifikiri. "Nataka isahau kupepesa. Tena nataka mwanga upande polepole."

"Una karatasi yake ya maelekezo?"

Karatasi ilikuwemo ndani ya boksi, ina maandishi madogo ya Kiingereza. Joanitha aliisoma huku amekunja uso. Alibonyeza, akashikilia. Tochi ikazimika.

"Nimekosea. Ngoja nianze tena."

Aliposhikilia mara ya pili, tochi ilipepesa mara moja tu.

"Imekubali. Haya, mama, bonyeza na ushikilie. Usiachie."

Kokwijuka alishikilia. Mwanga ulitoka hafifu, ukapanda polepole, ukapanda hadi ukutani kote kukang'aa. Machozi yakamtoka.

"Vipi, mama? Mwanga umekuumiza macho?"

"Hapana, mwanangu. Ndio huo. Ndio huo niliokuwa nautaka."

"Ukitosheka, achia. Ukitaka ushuke, shikilia tena. Ukibonyeza mara moja, inazima. Njiani tumia mwanga mdogo, chaji itadumu. Sasa fumba macho ufanye peke yako."

Kokwijuka alikosea, akarudia. Joanitha hakumwachia aondoke mpaka vidole vyake vilipozoea. "Kila tochi ina kanuni zake," alimwambia. "Ukinunua nyingine, usikubali kuambiwa bonyeza tu. Ijaribu mbele ya muuzaji."

Siku hiyohiyo, jua likiwa linazama, Kokwijuka alivuka bonde. Hakutaka kumulika kutoka ng'ambo kabla hajaomba msamaha. Migomba ilikuwa imeshaanza kuleta giza. Aliweka mwanga mdogo, akaona kila jiwe la kijito.

Mlangoni alisita. Je, wifi yake angempa kahawa ya kutafuna, kama mgeni anavyopewa, au angemwacha akae hivihivi?

"Hodi."

"Karibu, waitu, wifi yangu. Ingia."

Magdalena alikuwa amekaa dirishani, mguu ameuweka juu ya kigoda. Alivuta kikapu kidogo cha kahawa, akakisogeza mbele ya Kokwijuka. Kokwijuka alichukua punje, akatafuna. Kisha akaeleza yote. Akamwonyesha mwanga ukipanda na kushuka.

"Haipepesi tena," alisema. "Nisamehe mguu wako."

"Mguu unapona," alijibu Magdalena. "Wewe hujui kilichoniuma. Kila jioni nimekaa hapa dirishani. Nimeangalia kwako, naona giza tu. Sikujua kama umekula. Sikujua kama u mzima."

Kokwijuka aliinamisha kichwa. Yeye alifikiri ng'ambo hakuna anayemngoja.

"Nianze tena kesho?" aliuliza.

"Kesho anza, na Aroni nitasema naye mimi. Lakini leo usinimulikie kutoka mbali. Leo lala hapa."

Walikula pamoja. Kitanda kilikuwa kimoja, wakakigawana. Waliiweka tochi chini, mwanga mdogo kabisa, wakaongea juu ya ndizi, juu ya marehemu, juu ya Gozbert na haraka zake. Kisha Magdalena akashikwa na usingizi. Kokwijuka alinyoosha mkono, akabonyeza mara moja, tochi ikazima. Gizani alisikia mtu mwingine akipumua, akapata usingizi.