Waliopona wa Zongwe

Honi ya pili ililia. Meli ya Kigoma ilibakiza dakika kumi kuondoka Albertville, na kasha la streptomycin, dawa ya kifua kikuu, lilikuwa begani kwa Lambert, karani wa hospitali.

Zahoro, mpelelezi wa siri, aliruka reli mbili, akapenya chini ya behewa, bastola ya Browning mkononi. Amri ya mkuu wake kwa simu asubuhi ilikuwa fupi.

"Kasha lisivuke ziwa."

"Na mwizi?"

"Kasha kwanza."

Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Dada yake Mwavita alikuwa kitanda cha sita hospitalini, anatema damu, na sindano hapewi.

Jedwali la hospitali lilikataa.

Lilitengenezwa mwaka 1955 kutoka daftari la wagonjwa wa kifua: umri, homa, uzito, damu, kila dalili na alama zake. Ukifikisha saba, unahesabiwa utakufa, unachomwa sindano. Mwavita alikuwa na nne. Mabwana wakubwa walilipima jedwali kwa daftari lile lile lililolizaa, likapatia, wakapeana mikono. Akili hizo!

Zahoro alikuwa amekwenda kijijini kwao Zongwe na majina kumi na manne ya "waliopona", yaliyonakiliwa kutoka ukurasa wa mwisho wa daftari. Alionyeshwa makaburi kumi na moja.

Sasa alimkaba Lambert kwenye ngazi ya meli.

"Usipige, Papa Zahoro!"

"Kwa nini uliandika wamepona?"

"Muntu akizidiwa, ndugu wanamubeba wakamuzike kwao. Hakuna anayerudia kutuambia. Kitanda kikiwa wazi, tunaandika amepona. Njo desturi ya biro, ya ofisi yetu."

Ndiyo maana damu ilipewa alama moja tu: waliotema damu wengi "walipona". Wachache walifikisha saba, dawa ikabaki, na Lambert, aliyelijua kosa hilo zamani, akawa anaiuza ng'ambo.

Mkono wake ulichomoa kisu. Kitako cha Browning kilimlaza chini. Daftari la wagonjwa lilianguka kutoka kotini mwake.

"Soma ukurasa wa kwanza, namba tisa," Lambert aligumia. "Njo wewe ulimutoa. Ulirudi?"

*Fatouma, miaka 52, damu. Amepona.*

Mama yake. Alimpeleka Zongwe mwenyewe, akamzika, akarudi kazini. Hospitali hakupita kutoa taarifa. Iliuma kuliko risasi.

Polisi walimvika Lambert pingu. Zahoro alibeba kasha na daftari, akatembea bila haraka mpaka wodini.

"Kitanda cha sita," alimwambia Bertille, muuguzi.

"Alama zake ni nne tu, Papa."

Zahoro alichukua kalamu, akafungua daftari penye namba tisa, akafuta *amepona*, akaandika *amekufa*.

"Hesabuni alama upya. Muanze na mama yangu."

Akavaa kofia, akatoka.