Mita Tisa za Bibi

Kila Jumamosi asubuhi Chapuchapu alifagia chumba cha ushonaji cha bibi yake, kisha akamtungia uzi kwenye sindano kumi za kutumia wiki nzima. Jina hilo la utani alipewa shuleni kwa wepesi wake. Alikuwa na miaka kumi na miwili, tegemeo la timu ya netiboli, na hakuwa na tabia ya kuangalia jambo mara mbili. Bibi yake alikuwa fundi cherehani. Mtoto wa jicho alikuwa amemfifishia macho, naye akawa anashona kwa mazoea ya vidole.

Jumamosi moja waliitwa ofisi ya ardhi. Serikali ilikuwa inahamisha hati za viwanja kutoka kwenye mafaili yaliyoliwa na mchwa kwenda kwenye daftari jipya la kompyuta, lile ambalo mafundi wake waliliita blokcheni. Karani, mama mpole mwenye miwani, alimweleza kila aliyeketi mbele yake.

"Kila ukurasa umefungwa kwa ule uliotangulia, kama pete za mnyororo. Nakala ziko hapa, mahakamani na makao makuu. Ukishathibitisha, hakuna wa kufuta. Si mimi, si mkubwa wangu, si tajiri mwenye bahasha. Kwa hiyo someni kwanza."

"Soma, mjukuu wangu," bibi alisema.

Chapuchapu alitupia jicho saa ya ukutani. Zilibaki dakika ishirini mechi ianze. Ukurasa ulikuwa na mistari thelathini; alisoma wa kwanza tu, wenye jina la bibi.

"Kila kitu sawa, bibi."

"Na vipimo?"

"Sawa kabisa."

Bibi akabonyeza dole gumba kuthibitisha. Siku hiyo timu ya Chapuchapu ilishinda.

Baada ya mwezi mmoja, muuza mbao aliyenunua kiwanja cha jirani alikuja na kamba ya kupimia. Kiwanja cha bibi kilikuwa na upana wa mita 21, lakini aliyenakili faili alipindua tarakimu akaandika 12. Mita tisa, pamoja na chumba cha ushonaji, zikaangukia upande wa jirani.

"Mama, sina ugomvi na wewe," muuza mbao alisema. "Nimenunua kilichoandikwa."

Alimpa bibi siku saba. Siku ya nane chumba kilivunjwa, na cherehani ikabaki nje juu ya vumbi.

Bibi alikwenda ofisini na Chapuchapu, akiwa na hasira. "Niliambiwa ni sawa!" alilia. Mkaguzi wa ofisi ya ardhi alifungua ukurasa. Daftari lilikuwa limetunza hata muda: tangu ukurasa kufunguliwa hadi dole kubonyezwa, sekunde kumi na tano.

"Mistari thelathini kwa sekunde kumi na tano?" Mkaguzi alimgeukia karani. "Hapa hakuna aliyesomewa. Umembonyezesha dole mtu asiyeona."

Karani aliapa kwamba ukurasa ulisomwa na mjukuu. Bibi alisema mjukuu wake hawezi kumdanganya. Chapuchapu, aliyesimama pale pale, alijificha nyuma ya bibi. Karani akasimamishwa kazi.

Binti wa karani alisoma darasa moja na Chapuchapu. Wenzao walianza kumwita Mwizi wa Viwanja, na wakati wa chakula wakamhama mezani. Chapuchapu naye alihama. Wiki mbili alimtazama akila peke yake. Hatimaye alipiga magoti mbele ya bibi.

"Bibi, sikusoma. Nilikuwa nawahi mechi."

"Wahenga walisema majuto ni mjukuu," bibi alisema. "Sikujua wanamsema wa kwangu."

Kesho yake Chapuchapu alirudia maneno yale yale mbele ya mkaguzi, na karani akarudishwa kazini. Sheria haikuruhusu kufuta, ila iliruhusu kuongeza mstari wa masahihisho pamoja na sababu yake. Bibi alileta hati yake ya zamani, na muuza mbao akakubali shingo upande kurudisha mita tisa. Chumba hakikurudi. Bibi alishonea barazani, mvua ikamnyeshea cherehani hadi ikaanza kushika kutu.

Siku ya kuthibitisha masahihisho, Chapuchapu aliinama aanze kusoma. Bibi akamsogeza pembeni taratibu.

"Nisomee wewe, mama karani."

Karani alisoma yote, bila haraka. Chapuchapu alipomwomba radhi, karani alivua miwani akaifuta.

"Nimekusamehe, mwanangu. Lakini aibu aliyoipata binti yangu haina mstari wa masahihisho. Daftari hili tulilijenga ili wajanja wasiupindue ukweli. Lenyewe halijui ukweli ni upi. Linashika tu linachoambiwa. Ukisema umesoma, uwe umesoma. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajabebeshwa mzigo wako."

Jumatatu, wakati wa chakula, Chapuchapu alichukua sahani yake akaenda kuketi na binti wa karani. Yule binti alisogea akampa nafasi, lakini akaendelea kula akiitazama sahani yake.