Maganda Saba ya Tantine Immaculée

Kilichomkera Adolphine tangu mwanzo ni lile neno "bure."

Giza lilikuwa linaingia Hilliard. Theluji chafu ilikuwa imerundikana kando ya maegesho, na mume wake, Jules, alikuwa anachekelea peke yake huku akifunga tangi la samaki kwa kamba nyuma ya gari. Walikuwa wamekuja Ohio kwenye ubatizo wa mtoto wa Aganze, binamu yake Jules. Sasa walikuwa wanarudi kwao Louisville, mwendo wa saa tatu na nusu, na tangi hilo kubwa la kioo walilopewa na Aganze, lenye ufa uliozibwa kwa gundi.

"Bure, Mama Gentille!" Jules alisema. "Donc, Mungu iko."

"Mungu iko, lakini pa kuiweka hakuna."

Aganze akatoka ndani na kopo la maziwa ya unga lililoliwa na kutu. Lilikuwa la shangazi yao, tantine Immaculée, aliyeliacha pale alipohamia kwa binti yake Buffalo. Ndani mlikuwa na maganda saba ya konokono wa ziwani, kila moja limezibwa mdomo kwa udongo mkavu.

"Si ulisema samaki zako zinalala mu maganda?" Aganze alimuuliza Jules. "Beba. Tantine hana kazi nayo."

Hivyo ndivyo walivyo samaki aliowataka Jules. Ni wadogo, urefu wa kidole, ukoo mmoja na ngege, na katika Ziwa Tanganyika huishi na kulea watoto ndani ya maganda matupu. Dukani maganda hayo huuzwa. Haya yalikuwa ya kwao kabisa.

Adolphine alinuna njia nzima. Ziwa lile alilijua. Mwaka wa vita lilipindua mtumbwi uliobeba watu saba wa kijiji cha Jules, kusini mwa Uvira, na Jules peke yake ndiye aliyeibuka, upande wa Burundi. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa hakuwahi kulisimulia. Leo anataka kulileta sebuleni! Mwanaume akili zake anazijua mwenyewe.

Jumapili baada ya ibada Jules alivua koti akaanza kazi. Aliosha mchanga wa kuchezea watoto ndani ya beseni la kuogea mpaka maji yakatoka safi. Mawe aliyaokota nyuma ya ghala anakofanya kazi. Ili maji yawe makali kama ya ziwani, alitia magadi ya kuokea. Mzungu mmoja mfugaji alimuuzia samaki wanne, akampa na sponji kuukuu ya chujio lake, kwa kuwa maji mapya bila uchafu kidogo wa zamani huua samaki.

Kisha akachukua sufuria ya Adolphine. Ile ya bugali. Akachemshia maganda humo, na udongo uliobaki midomoni akautoa kwa mswaki, moja baada ya jingine, mpaka la saba.

Nyumba nzima ikanuka. Si harufu ya konokono tu... Tope. Moshi wa ndagala, dagaa wa ziwani waliobanikwa. Nguo zilizolowa zikakaa muda mrefu bila kuanikwa.

Samaki waliingia kwenye maganda sita, wakahama huku na huku wakichimba mchanga kwa midomo. Ganda la saba, kubwa kuliko yote, hakuna aliyelisogelea.

Jumatatu Adolphine alitoka kazini, kwenye nyumba ya wazee, mgongo ukimuuma, akakuta sufuria yake bado ina ukoko wa matope. Hasira zilimpanda hadi masikioni. Alisugua, akasonya, akasugua tena. Nje jua lilikuwa linazama na theluji ilikuwa imeanza upya. Alipogeuka, Jules alikuwa amesimama sebuleni mbele ya tangi.

Hakusikia gari. Hakusikia mlango.

"Umeingia kama mwizi," alimfokea. "Njo uone sufuria yangu! Hauna haya? Pa kupikia watoto unapikia takataka ya ziwa?"

Jules hakugeuka. "Ni sawa, mama," alisema.

"Sawa nini? Nakuambia umeniharibia sufuria!"

"Ni sawa."

Polepole. Kwa upole.

Ndugu msomaji, kama hujaolewa huenda usielewe. Jules alikuwa mtu wa kelele. Ukimrushia neno anarudisha matatu, mlango unabamizwa, na baada ya robo saa mnakula sahani moja. Upole ule ulimuudhi Adolphine kuliko tusi. Aliona anadharauliwa. Akamwaga yote: tangi, ufa, harufu, mchanga kwenye beseni. Mume alisimama tu, mikono imening'inia, uso umekaribia kioo.

Mtoto wao Gentille, wa miaka minane, alichungulia kutoka chumbani.

"Mama, viatu vya papa viko wapi?"

Adolphine alitazama mlangoni. Kila siku ya theluji, buti za Jules huchafua mkeka pale. Mkeka ulikuwa mkavu.

"Rudi ndani," alimwambia mtoto. "Funga mlango."

Mke akishindwa na mume, humshitaki kwa shangazi yake. Adolphine hakutaka kuuwaza mkeka ule; alirudi jikoni akapiga simu Buffalo.

"Tantine, mtoto wako ananidharau! Ameleta aquarium, amechemsha maganda mu sufuria yangu, sasa namuongelesha, ananijibu kama—"

"Maganda gani?"

"Yako. Ya mu kopo."

Alisikia pumzi ya mama mzee, fupi fupi.

"Udongo," tantine alinong'ona. "Ametosha udongo mu midomo ya maganda?"

"Wote. Na mswaki."

"Eh, Yezu wangu... Mutu akimezwa na ziwa, mwili ikikosekana, sisi tunaokota ganda. Tunaita jina yake ndani mara tatu. Tunaziba. Hiyo ndiyo mwili yake, hiyo tunazika. Ile wiki vita ilitufukuza mbele ya kuzika, hatukuzika hata moja. Nikabeba."

Akayataja majina, akilia. Rutebuka. Kampire. Watoto wao wawili. Mzee Gakunzi. Mkewe.

Adolphine alihesabu kwa vidole. "Ni sita. Maganda yako saba."

Tantine alizidi kulia.

"Ya saba ni ya nani?"

"Mtumbwi ilipinduka na watu saba," mama mzee alisema. "Nani angejua moja ataokoka? Nilimuita. Mara tatu nilimuita, nikaziba. Ni ya Jules."

Sebuleni maji yalicheka kidogo... blup... kisha yakanyamaza.

"Na haukumuambia? Miaka yote hii?"

"Utamuambia je mutu muzima kama ulishamuziba mu ganda? Alipaswa kuivunja na mguu yake mwenyewe, ili ile iko ndani isitoke. Nilisema Noeli nitamuletea. Kila mwaka nilisema Noeli."

Adolphine angemtukana, mkubwa au si mkubwa. Hakupata nafasi.

Mlango ulibishwa. Kwa nguvu.

"ADOLPHINE! Fungua! Clé ya mlango ilibakia mu nyumba! Niko nagonga tangu nusu saa, uko kiziwi? Simu yako kila saa unaongea, unaongea na nani? Nimekuwa barafu huku!"

Simu ilimtoka mkononi.

Nyuma yake, karibu sana na shingo, ile harufu ya tope. Na sauti ya mume wake, laini.

"Usifungue, mama."

Hakuwaza. Miaka kumi na miwili ya ugomvi ilimsukuma. Alikimbia, akavuta komeo, na Jules akaingia na theluji hadi kwenye nyusi, amefura, anatukana baridi, anatukana kufuli, anamtukana yeye. Adolphine alimkumbatia akalia. Jules akapigwa na butwaa, kisha akaanza kumgombeza kwa kulia.

Sebuleni hapakuwa na mtu. Zulia mbele ya tangi lilikuwa chapachapa. Samaki wanne walikuwa wamejibana kwenye pembe moja.

Maganda yalikuwa sita.

Walilitafuta la saba mchangani, chini ya makochi, ndani ya chujio. Samaki walirudi kwa Mzungu, tangi likavunjwa nyuma ya nyumba, na yale sita yakazikwa kwa majina yao. La saba halijaonekana mpaka leo.

Tangu hapo Adolphine humchokoza mume wake kila jioni. Majirani husema ana mdomo mchafu. Waache waseme. Hutia neno, hungoja kelele, na kelele zikija ndipo anapakua chakula.

Jioni moja ya Machi theluji ilirudi. Alitia chumvi ya makusudi kwenye sombe, yale majani ya muhogo, konzi nzima, akamwekea Jules mezani. Jules alionja. Akatafuna. Akameza.

"Ni sawa, mama," alisema.

Adolphine hakumtazama. Alitazama mkeka wa viatu.

Mkavu.

Alimwita Gentille kwa sauti ya kawaida, akamshika mkono. Kisha akavuta kiti hadi mlangoni, akakaa akikipa kisogo kile kilichokuwa mezani, akasubiri mume wake aje amgombeze.