Aliyekaa Kwenye Keria

Haya yalimpata rafiki yangu Eunike, mwalimu wa Nkoaranga, zama za Mwingereza. Mama yake aliugua upande wa pili wa msitu wa Meru, naye akaazima baiskeli ampelekee dawa.

"Njia ya msituni haipiti gari wala mtu," shemeji yake Sumari alimwonya. "Tena mwanamke haendeshi baiskeli."

"Basi leo utamwona anayeendesha," akajibu, akaondoka.

Ulikuwa mchana, lakini mle msituni ukungu ulileta giza. Alisikia mnyororo tu, na matone yakidondoka majanini. Kwenye mteremko keria ya nyuma ikalia, kama mtu ameikalia. Baiskeli ikawa nzito. Pumzi ya baridi ikamgusa shingoni.

Hakugeuka.

"Mimi naenda kwa mama yangu, wala sirudi," alisema kwa sauti. "Ukitaka kukaa, kaa. Hutaki, shuka."

Njia ilipoanza kupanda, akasikia miguu miwili ikitua kwenye majani nyuma yake. Baiskeli ikawa nyepesi. Alikanyaga pedali kidogo, akachoka, akaiacha miguu yake ining'inie.

Baiskeli ikaendelea kupanda kilima, polepole, mpaka juu.