Mikate Miwili ya Jaji

Mtaa mzima ulimwita Mama Mikate. Kabla jua halijachomoza alikuwa ameshawasha tanuri, na mumewe anakanda unga huku akiongea. Bwana huyo alikuwa na mikono ya kazi na mdomo usiojua kupumzika. Watoto wao watatu walikula na kusoma kwa tanuri hilo hilo.

Asubuhi moja alifika bwana afya wa halmashauri. Hakusalimia wala kuuliza. Alibandika karatasi kwenye mlango wa tanuri: limefungwa. Mama Mikate alipotaka kujua kosa lake, alijibiwa kwamba moshi umelalamikiwa, basi. Unga ulikuwa umeshaumuka, unafurika kwenye beseni. Mama Mikate aliutazama, machozi yakamlengalenga.

Mumewe alisema serikali ikishaamua imeamua. Kwake yeye, mahakama ilikuwa ya wezi na wagomvi.

Ndipo akaingia jirani yao, Bi Karani, aliyefanya kazi ya ukarani mahakamani mpaka akastaafu. Alifuata mkate wake wa kila siku, akakuta tanuri baridi. Akaketi juu ya gunia la unga, akasikiliza kisa chote.

"Mwanangu, alikusikiliza kabla ya kufunga?" aliuliza.

"Hata salamu hakunipa, mama."

"Basi hapo amekosea. Mamlaka ya kufunga anayo, sikatai. Lakini kwanza akwambie umelalamikiwa nini, akupe nafasi ya kujieleza, ndipo aamue na kukupa sababu. Hiyo ni haki yako, si fadhila."

Akawaeleza waanze na halmashauri, waombe kwa maandishi uamuzi uangaliwe upya. Waliomba, wakajibiwa kwa kimya. Bi Karani akawapeleka kwa wakili wa msaada wa sheria, ambaye hatozi kitu, naye akafungua shauri mahakamani.

Siku ya shauri, mume alitokea amevaa shati la sikukuu, amekumbatia kifurushi. Ndani mlikuwa na mikate miwili aliyoioka kwenye sufuria nyumbani. Alitaka jaji aonje, ajionee mwenyewe kwamba mikate yao ni safi. Bi Karani alicheka mpaka akashika ukuta.

"Baba, irudishe kwenye kifurushi. Kwanza itaonekana hongo. Halafu jaji haulizi kama mkate ni mtamu. Anauliza kama bwana afya alifuata sheria."

Na kweli, jaji aliuliza hilo hilo: mama huyu alisikilizwa? Bwana afya alijikuna kichwa, akasema malalamiko yalimbana na alikuwa na haraka. Jaji akafuta amri ya kufunga tanuri. Akaiagiza halmashauri ianze upya, na safari hii isikilize pande zote mbili.

Mume alitoka amenuna kidogo. Alitarajia jaji aseme mkewe hana kosa lolote.

"Hilo si la jaji," Bi Karani alimwambia. "Sasa nendeni mkalizungumze na halmashauri, na msiwashe tanuri kabla hawajaamua upya, msije mkaongeza ugomvi."

Bwana afya alirudi, na safari hii alibisha hodi. Alikuja na mlalamikaji, ambaye ni dobi wa nyumba ya nyuma. Dobi alieleza kwamba bomba la moshi ni fupi, na moshi wote unaishia kwenye mashuka yake aliyoyaanika. Mama Mikate alishtuka. Siku zote alikuwa mbele, anahangaika na tanuri, hakuwahi kuona kamba ya dobi ya kuanikia nguo kule nyuma. Alimwomba dobi radhi. Fundi akaitwa, akalirefusha bomba mpaka likapita paa. Bwana afya alikagua, akabandua karatasi yake kwa mkono wake mwenyewe.

Kesho yake harufu ya mkate ilirudi mtaani, na mteja wa kwanza alikuwa dobi. Mama Mikate alikuwa na furaha tele. Akaweka kando mikate miwili ya moto, zawadi ya kumpa Bi Karani.

Bi Karani alipofika, ulikuwa umebaki mmoja. Mume alikuwa amesimama pembeni, makombo yamemjaa kifuani. Mama Mikate alifungua mdomo amkaripie, kisha akajizuia. Akafuta mikono, akaketi.

"Haya, mume wangu. Jieleze kwanza, ndipo niamue."

Kwa mara ya kwanza tangu waoane, bwana yule hakuwa na la kusema.